Jaruba la Kuonyesha Wageni

Jembe la Mwahija lilikwaruza chini ya mfereji likatoa vumbi. Tangu alipomaliza sala ya alfajiri alikuwa akizoa mchanga na majani makavu, akianzia mlangoni mwa jaruba lake na kupanda juu, ili maji yakija yasikute pa kukwama. Ilikuwa zamu yake. Kijito kilipoanza kukonda, watu wa bonde la Namiti walipatana wenyewe kila nyumba iwe na siku yake ya maji, na yeye alipewa Jumatano. Jua likatoka, maji hayajafika. Jua likaanza kumchoma mgongo, akajua hayaji.

Akasimama akautazama mpunga wake. Ulikuwa unachanua. Viua vidogo vyeupe vilining'inia kwenye masuke kama unga uliomwagika, na chini yake ardhi ilikuwa imepasuka nyufa za kumeza kiganja. Mpunga ukinyimwa maji ungali mchanga hudumaa, lakini hujikongoja. Ukinyimwa unapochanua, suke husimama vilevile, zuri la kutazama, na ndani yake hamna kitu. Ni mapepe matupu.

Mwaka uliopita mvua zilikatika mapema, na huu ulikuwa mwaka wa pili wa ukame. Bwana shamba, kijana wa misheni aliyeitwa Sipriani, alikuwa ameamuru kila nyumba ipande mihogo mlimani, na Mwahija alipanda. Nguruwe mwitu wakaifukua kabla haijanenepa, wakamwachia miti. Alipobaki na kikapu kimoja cha mbegu ya mpunga, ile aliyokuja nayo mama yake Bi Kadija kutoka Rutamba alipoolewa, ilibidi aamue: waile, au aipande. Aliipanda yote. Usiku wa siku ile waliliwaza tumbo kwa maji ya moto, na Bi Kadija, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika, alisema, "Umefanya vizuri, mwanangu. Mbegu ikiliwa haizai."

Mwahija akaweka jembe begani akapanda kuelekea kwenye banio, pale kijito kilipozuiwa kwa mbao na kugawanywa.

Mumewe Yahya alikuwa pale, amekaa juu ya jiwe na kofia ya khaki kichwani. Jumbe alimpa kazi ya kulinda banio mwezi uliopita, na kwa kazi hiyo akaepuka kuchukuliwa kwenda kuchonga barabara. Alimwona mkewe akija, akainama kama mtu anayetafuta kitu chini.

"Baba Mwanaheri, maji yangu yako wapi?"

"Salamu kwanza, mke wangu."

"Maji yangu yako wapi?"

Yahya alielekeza kidevu kwenye banio. Mbao za upande wa mfereji wa kijiji zilikuwa zimeshindiliwa udongo na majani ya migomba, hata tone halipiti. Maji yote yaliyosalia katika kijito yaligeuzwa kushoto, yakaingia kwenye shamba la mfano la Sipriani. Huko vyura walikuwa wanalia. Mpunga ulisimama umekoza kijani, miguu ndani ya maji, na kando yake ubao mweupe umechomekwa.

"Tangu lini?" Mwahija aliuliza.

"Juzi."

"Juzi! Na jana umekuja nyumbani, umekula, umelala, hukusema neno."

"Ningekwambia nini? Ungekuja hapa na jembe."

"Nimekuja na jembe."

"Basi." Yahya akasimama. Alikuwa mtu mrefu, lakini siku hizi mabega yake yalikuwa yameshuka. "Kuna mgeni leo. Bwana Mkubwa kutoka pwani. Jumbe anataka akute kijani. Ukifungua wewe, atakayefungwa ni mimi. Niende kuchonga barabara, wewe ubaki na mtoto na mama. Fungua, kama unataka. Sitakushika mkono."

Mwahija alizitazama zile mbao. Alikuwa ameolewa na mtu huyu akiwa msichana, na alijua kwamba anasema kweli, hatamshika mkono. Ndiyo maana hakuweza kufungua.

Walikuwa wamesimama hivyo Jumbe Abdulrahmani alipotokea juu ya kingo, kanzu ameishika isiguse tope, na Sipriani nyuma yake, jasho limemlowesha shati.

"Shikamoo, jumbe," alisema Mwahija.

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Ni zamu yangu ya maji."

Jumbe hakumsikiliza. Alikuwa amemgeukia Sipriani. "Abilahi, tuliyemweka awe mkulima wa leo, hawezi kusimama. Nimetoka kwake sasa hivi, homa imemlaza. Nani atasimama shambani? Mgeni atataka kumwona mkulima."

Sipriani alimtazama Mwahija, akatazama jembe lake na miguu yake yenye vumbi. "Huyu anafaa," alisema taratibu.

"Nisimame wapi?" Mwahija aliuliza.

"Hapa, kwenye jaruba la mfano," alisema jumbe. "Ukiulizwa, mpunga ni wako. Basi."

"Si wangu. Wangu unakufa kule chini."

"Sikiliza, mwanamke. Mgeni akitoka hapa analala Rutamba, na kesho kutwa anapita tena akirudi. Mimi ningeacha banio hivi hivi mpaka apite mara ya pili. Lakini ukisimama vizuri, akipanda gari tu, mumeo atang'oa mbao hizo. Leo. Na maji yatakwenda kwako kwanza."

Mwahija alimgeukia Sipriani. Kijana yule alikuwa amewahi kukaa barazani kwake, akanywa uji wake, akamwita dada. "Na wewe unasemaje?"

"Dada, niliwaambia wakubwa wangu bonde limekauka. Wakasema mbona mashamba ya mfano ya wenzangu yanastawi. Wakasema labda mimi ndiye mvivu." Akajifuta uso. "Ni neno moja tu."

Kesho kutwa. Viua vile vyeupe havikuwa na kesho kutwa. Mwahija alimtazama Yahya, na Yahya akatazama maji.

"Kwangu kwanza," alisema Mwahija.

"Kwako kwanza," jumbe alijibu.

Gari lilifika kabla ya adhuhuri. Watu wa Namiti walikuwa wamekwisha kukusanyika barabarani, wake kwa waume, na wengi walishika vikapu. Wiki chache nyuma walikuwa wamemshikilia jumbe mpaka akakubali kuomba mahindi ya njaa serikalini, na waliposikia mgeni anakuja, walijua amekuja kwa ajili hiyo. Matarishi wa jumbe waliwazuia wasisogee. Mbele kabisa alisimama Pazi, shemeji yake Mwahija, ambaye jaruba lake lilipakana na lake kwa upande wa juu, na mkewe Mboni akiwa na mtoto mgongoni.

Bwana Mkubwa alikuwa Mzungu wa makamo, shingo nyekundu, na alisema Kiswahili bila kutafuta maneno. Aliwasalimu watu. Akapita juu ya kingo kwa hadhari, akasimama mbele ya Mwahija aliyekuwa amezama katika maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Maji yalikuwa baridi. Hakuwa amesimama katika maji kwa muda mrefu, na mwili wake ulifurahi wenyewe, bila ruhusa yake.

"Huu mpunga wako, mama?"

Watu walinyoosha shingo wasikie.

"Wangu, bwana."

"Mzuri sana. Umeutia nini?"

"Maji, bwana."

Mzungu akacheka, na jumbe akacheka, na Sipriani naye akajilazimisha kucheka. Mgeni alilivuta suke moja, akalipapasa kwa vidole, akalirudisha polepole kama mtu anayependa mimea kweli. Kisha akamgeukia jumbe.

"Uliniomba mahindi, jumbe. Nilikuwa na wasiwasi sana na watu wako. Lakini naona hapa Namiti mnajiweza. Mahindi yenyewe ni machache. Nitayapeleka kwingine, kwenye njaa ya kweli."

Jumbe alifungua mdomo. Mwahija aliona jinsi uso wake ulivyobadilika, akaona pia kwamba hata yeye hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa ameogopa kuonekana mzembe, na hofu hiyo ilimmaliza akili. Jumbe akafunga mdomo. "Ahsante, bwana," alisema.

Mgeni alikuwa ameanza kurudi kwenye gari. Mwahija alitoka majini mbio, akateleza kwenye kingo, akaanguka goti, akainuka.

"Bwana! Bwana, jaruba si langu!"

Dereva alikuwa amewasha gari. Mgeni alitoa kichwa dirishani. "Anasemaje?"

Sipriani, aliyekuwa ameshika mlango, alimtazama Mwahija. "Anakutakia safari njema, bwana."

Mzungu akampungia mkono. Gari likaondoka, na vumbi likawafunika wote, wenye vikapu na wasio navyo. Lilipotulia, Mwahija aliwaona wakimtazama. Hakuna aliyemtukana. Walianza kutawanyika mmoja mmoja, vikapu vikiwa vimening'inia mikononi, na Mboni alipopita karibu naye aliangalia upande mwingine.

Yahya alizing'oa mbao kama alivyoahidiwa mkewe. Aling'oa kwa mikono, kwa nguvu za hasira, mpaka kucha zikatoa damu.

"Nenda," alimwambia. "Yafuate."

Mwahija aliyafuata. Maji yalikuja mfereji mzima, yakisukuma mbele yake majani, sisimizi na povu la udongo, na yeye akitembea kando yake kama anavyotembea mtu na mtoto anayejifunza hatua. Kila ufa ulikunywa. Kila shimo la panya lilikunywa. Upana wa maji ukawa nusu ya mfereji, kisha ukawa upana wa mkono.

Kwenye mpaka wa jaruba la Pazi alimkuta Pazi mwenyewe amesimama ndani ya mfereji na jembe.

"Shemeji," alisema Mwahija, "leo ni zamu yangu."

"Najua." Pazi akatoka mferejini, akampisha. "Pita nayo. Ni yako hayo. Umeyanunua."

Mwahija aliinamisha kichwa. Alipita. Maji nayo yalipita, yakaenda kidogo, yakapunguza mwendo. Yakafika mahali ambapo alikuwa amezoa mchanga asubuhi, kwenye udongo safi uliolainishwa kwa jembe lake, na hapo yakasimama. Alisubiri yajae yasukumane. Hayakujaa. Yalitanda, yakametameta, yakaanza kunywea. Kutoka hapo aliweza kuuona mlango wa jaruba lake, aliouacha wazi. Akakimbia juu kutazama kama kuna aliyeziba njiani, hakuna aliyeziba. Kijito kilikuwa kimetoa kilichokuwa nacho. Maji mengine yalikuwa yamelala katika shamba la mfano, kwenye ardhi ya chini, na yasingeweza kupanda kurudi.

Aliyatazama maji yakipotea. Halafu akarudi mpaka kwenye ukingo wa Pazi, akainua jembe, akaupiga ukingo.

"Unafanya nini?" Pazi alisema.

"Kwangu hayafiki. Yatakauka bure njiani." Alipiga tena. Udongo ukaachia, na maji yaliyokuwa bado yanakuja yakageuka, yakaingia katika jaruba la Pazi, kati ya mpunga uliokuwa nao unachanua. "Kwako yatafika. Hata robo yake ikizaa, pawe na mbegu ya mtu mmoja."

Mboni alikuja akasimama nyuma yao. "Acha, Mama Mwanaheri," alisema. "Inatosha." Lakini Mwahija hakuacha. Alipiga mpaka mlango ukawa mpana, kisha akaziba mfereji wa kushuka kwake, akakanyagia udongo kwa miguu ili lisivuje hata tone.

Pazi alikuwa ameinama, akiongoza maji kwa viganja. Hakushukuru, na Mwahija hakungoja kushukuriwa.

Alirudi nyumbani akikatiza katika mpunga wake mwenyewe. Viua vilikuwa vimeanza kukunjamana, na vilimpukutikia kwenye kanga alipopita. Bi Kadija alikuwa amekaa barazani, uso ameuelekeza bondeni.

"Nimesikia watu wakipita," alisema. "Wanasema banio limefunguliwa."

"Limefunguliwa, mama."

"Alhamdulillahi. Na maji yamefika?"

Mwahija alisogeza kinu, akatia makopa ya mwisho, ya muhogo aliokuwa ameuomba kwa majirani.

"Yamefika," alisema, akaanza kutwanga, kwa nguvu na bila kupumzika, ili mama yake asisikie sauti nyingine isipokuwa ya mchi.