Brashi ya Getini

Merle Coughran alikuwa na brashi ngumu na chupa ya spiriti, na kwa vitu hivyo viwili alitutawala sisi watu wa kujitolea kupanda miche hifadhini kwa miaka kumi na mmoja. Kila Jumatano ya majira ya baridi, mvua ikishalowesha vilima na njia zikageuka tope, alisimama kwenye geti la hifadhi akikagua viatu. Hupiti mpaka umesugua soli, umepuliza spiriti, naye ameinama akachungulia kila mfereji wa soli kama daktari wa meno. Kuna maradhi yanayokaa kwenye udongo mbichi na kula mizizi ya mialoni, na yakishaingia hayatoki. Hilo tulilijua sote, lakini Merle alilijua kwa kelele.

Alikuwa na sababu, sikatai. Majivu ya mkewe, Roberta, yalimwagwa chini ya mwaloni mkubwa ulio juu ya bonde, mti ambao watu watatu tukishikana mikono hatuwezi kuuzunguka. Kila Januari alipanda pale kichaka kimoja cha yale maua ya waridi aliyoyapenda marehemu, yanayochanua wakati mimea mingine yote imelala. Vilikuwa vimefika kumi na kimoja. Akimaliza kupanda alitusahau, akakaa kuongea na mti. Pale tu ndipo nilipomwonea huruma.

Januari hii akaja Hyun-joo Paek, mwalimu mstaafu wa piano, mgeni kwetu, amevaa viatu vya bustani vyenye tope la nyumbani kwake.

"Hivi wewe mama, husomi kibao?" Merle akafoka mbele yetu sote.

"Samahani. Nipe brashi nisugue."

"Tope hilo halisuguliki. Rudi nyumbani."

"Nimeendesha saa nzima, mzee."

"Basi na kurudi ni saa nzima. Njia unaijua."

Watu wakacheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Jumatano iliyofuata akaja na viatu vipya. Merle akakuta chembe ya udongo kwenye kisigino, akamrudisha tena. Mara ya tatu alimruhusu, ila akamwamuru atembee nyuma kabisa, peke yake, kama mbuzi mwenye upele. Mama wa watu aling'oa magugu siku nzima bila kusemeshwa. Chakula cha mchana alikula amesimama, maana hakuna aliyesogea kumpisha kwenye gogo.

Hakukata tamaa. Akawa anakuja kila Jumatano.

Katikati ya Februari tukaukuta mwaloni umebadilika. Miti hii kwetu haipukutishi majani wakati wa baridi, lakini ule ulikuwa umeyamwaga, yametapakaa chini yakiwa ya kahawia, na shina lilikuwa likitoa utomvu mweusi. Merle aliugusa utomvu, akanusa kidole. Kisha akageuka taratibu akamtazama Hyun-joo.

"Ni wewe."

"Mimi? Mimi nimekuja juzi tu!"

"Kabla hujaja mti ulikuwa mzima, dada," nikadakia mimi. "Piga hesabu mwenyewe."

Nilijua fika kwamba mwaloni wa miaka mia tatu hauuawi kwa wiki chache. Nilijua, na bado nikasema. Hyun-joo alivua glavu zake, akazipanga juu ya jiwe vizuri, moja juu ya nyingine, akashuka kilima peke yake kwenye mvua. Hakuna aliyemsindikiza.

Afisa wa hifadhi, binti mmoja aitwaye Dagny, alichukua udongo ukapimwe. Baada ya wiki mbili akaja getini na majibu, sote tukiwa tumekusanyika.

"Mizizi ya vichaka vyote kumi na kimoja ina maradhi," alisema. "Cha zamani zaidi ndicho kilichooza zaidi. Yametoka kitaluni."

Kitalu kilikuwa nyuma ya nyumba ya Merle. Miche yote tuliyopanda aliiotesha yeye.

"Vikopo vya miche unavitoa wapi, mzee?"

"Navirudia vya zamani. Vikopo vizima kabisa, nivitupe vya nini?"

"Na unavioshea nini?"

"Maji ya bomba."

"Spiriti je?"

Merle aliitazama chupa mkononi mwake. "Spiriti ni ya viatu."

Miaka kumi na mmoja tulisugua soli mpaka vidole vikafa ganzi, kisha tukaipokea miche yake na kuipitisha getini tumeikumbatia kama watoto wachanga. Hakuna aliyewahi kupuliza kikopo hata kimoja. Nyani haoni kundule, na sisi tulikuwa kundi zima.

Dagny akatangaza kwamba vichaka vitang'olewa na kuchomwa, na sehemu yote ya mwaloni itazungushiwa uzio siku hiyohiyo. Hataingia mtu tena. Kisha akachukua brashi na chupa mikononi mwa Merle, akanipa mimi.

"Niacheni nikamuage Roberta," Merle akasema. "Dakika tano tu."

Dagny akanitazama. "Connie akiridhika na viatu, dakika tano sawa."

Merle akainua mguu mwenyewe. Soli ilikuwa safi kama sahani. Niliinama nikaichungulia kwa muda mrefu, mfereji mmoja mmoja.

"Umepita kitaluni leo asubuhi?"

"Nimeifunika miche tu, upepo ulikuwa mkali. Connie, tafadhali. Unanijua."

"Rudi nyumbani, mzee."

"Connie..."

"Njia unaijua."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka. Merle alishusha mguu, akabaki ameshika geti kwa mikono miwili, akitazama kilimani mpaka mafundi wa uzio wakapita na nguzo zao.

Ningependa kusema nilifanya vile kwa ajili ya Hyun-joo. Uongo. Nilifanya kwa sababu ilikuwa tamu. Yeye Hyun-joo hakuwepo, na mpaka leo hakuna hata mmoja wetu aliyempigia simu kumwambia kwamba hakuwa na kosa.