Mkono wa Risper

Kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kilipopita Lugari kilifagia banda zima la Risper, kikamwachia mayai kumi na tisa tu. Kuku wale walikuwa mbegu ya marehemu mamake, na hakusalia hata mmoja wa kuatamia. Ndiyo maana akamwita Milcah, fundi aliyesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala, anayeunda mashine za kuangulia vifaranga.

Milcah hakuwa fundi wa kubahatisha. Mashine aliijaribu siku tatu: joto likifika kiwango cha kuku anayeatamia taa ya kupasha inazima, likishuka inawaka. Kisha akaongeza sehemu ya kugeuza mayai, programu ya kuiendesha mashine ikakataa kuenea kwenye chipu, ubongo wake mdogo. Akaiamuru kompaila, ile inayogeuza maandishi ya fundi kuwa lugha ya chipu, ipunguze kila kisicho cha lazima. Programu ikaenea, taa ikawaka, Milcah akamshukuru Mungu na kufunga kifuniko. Kujaribu upya? Wapi!

Asubuhi akaifikisha kwa Risper, wakapanga ndani mayai yote kumi na tisa. Saa nane mchana Risper akapiga simu: taa haijazima hata mara moja, na akigusa kioo anahisi joto la sufuria. Milcah akauliza skrini inasema nini. Nyuzi ishirini na sita, Risper akamsomea.

“Basi bado inapasha, mama, haijafika joto la kuku. Usifungue. Mkono hudanganya, mashine haidanganyi.”

Risper hakufungua. Alitii, maskini, kwa sababu msichana amesoma.

Saa kumi Milcah alipokuja kuitazama, kifuniko kilimchoma vidole. Skrini, ishirini na sita vile vile. Akafungua kompyuta pale pale, akaiona aibu yake. Kompaila ilipekua mistari yote, isikute hata mmoja unaobadilisha joto, maana joto huletwa na kihisio, kile kidude cha kupima joto, kutoka nje ya programu. Ikaamua kulisoma mara moja kunatosha. Lilitakiwa neno moja la kuionya kwamba kitu hiki hubadilika bila kuaga, na Milcah hakuliandika. Na la mkubwa, la Risper na mkono wake, alilisikia, akalipuuza.

Akaliandika sasa. Mashine ikapoa, joto likapanda tena, taa ikazima mahali pake.

“Nimeitengeneza, mama,” alisema. “Sasa inasoma kila mara.”

Risper alikuwa akipasua mayai kwenye karai. Yote yalikuwa yameiva. Akafuta mkono kwa leso, akauweka kwenye kioo, akautuliza hapo kitambo.

“Ni kweli,” akasema. “Hili ndilo joto la kuku. Sasa, mwanangu, tuweke nini?”