Mnyama wa Miguu Miwili

Ofisi ya vibali vya ving'ora vya wizi ya mji wa Hargrove Springs, Texas, ni chumba kimoja nyuma ya manispaa, na humo alitawala Delmer Pruitt, mtu ambaye ukimnyang'anya muhuri wake hajui tena mikono ni ya kazi gani. Jumatano asubuhi Verlene Stockdale, fundi wa matandiko ya farasi, alisimama mbele ya dirisha lake na bahasha mkononi.

Kibali cha king'ora cha duka lake kilikuwa kimesimamishwa. Sheria ya mji inasema king'ora kikilia bure mara tano kwa mwaka, polisi hawaji tena, hata uibiwe mchana kweupe. Na kampuni ya bima ilishamwambia: bila kibali, Ijumaa tunajitoa. Bila bima, hakuna mfuga farasi Texas nzima atakayekuachia tandiko lake. Duka la miaka thelathini na moja lingefungwa kwa ajili ya karatasi. Ili kurudishiwa kibali, ilimbidi alete vyeti viwili na kujaza fomu moja.

Mara mbili za kwanza yalikuwa maputo ya sherehe ya duka, yaliyoelea mbele ya jicho la king'ora. Mbili zilizofuata alikuwa paka wake, Biskuti. Hizo Verlene alizikubali bila ubishi. Lakini ya tano alikuwa mwizi. Aliingia kwa dirisha la choo Jumapili, Verlene akiwa kanisani, akaondoka na tandiko la Odell, kaka yake marehemu, kitu pekee alichomwachia. Kinyozi wa jirani alimwona kwa macho yake akitoka nalo. Polisi walifika baada ya dakika hamsini, wakatikisa mlango wa mbele, wakaukuta umefungwa, wakaandika hakuna uhalifu. Sijui walitaka mwizi awasubiri na chai ya barafu.

"Cheti cha fundi wa king'ora?" Delmer aliuliza.

"Hiki."

"Na cha darasa?"

Darasa lenyewe lilikuwa saa nzima mbele ya kompyuta, mwanamke wa miaka sitini na nne akifundishwa kufunga mlango. Alipata alama zote.

"Hongera, mama," Delmer alisema, na maskini alimaanisha. "Sasa, kwenye fomu hii, weka alama kwenye chanzo cha ile ya tano."

"Mwizi."

"Mwizi hayumo."

Kweli hakuwamo. Vyanzo vilikuwa sita: maputo, mnyama, upepo, betri, waya, kosa la mwenye duka; na chini yake mahali pa kusaini kwamba king'ora kililia bure, hapakuwa na mwizi.

"Delmer, mtu kabeba tandiko la Odell. Nimeripoti polisi."

"Hiyo ripoti ni ya polisi. Hii ni ya ving'ora. Kwetu kililia bure, maana afisa hakuona kitu."

"Afisa hakuzunguka hata nyuma ya nyumba."

"Hiyo nayo si idara yangu."

"Na nikisaini kwamba hapakuwa na mwizi, ile ripoti ya wizi inakuwaje?"

"Nadhani wataifunga. Lakini kibali utakuwa nacho. Chagua, mama, wenzio wanasubiri foleni."

Kwenye foleni hapakuwa na mtu. Verlene alitamani amchape na bahasha. Akisaini, tandiko la Odell limekwenda hivyo, hata likionekana mnadani hana la kudai. Asiposaini, Ijumaa anafunga duka. Ndipo alipoona mistari iliyokuwa chini ya fomu: eleza chanzo kwa ufupi, eleza hatua ulizochukua.

"Hii inasomwa na nani?"

"Inatakiwa ijazwe."

"Sikukuuliza hivyo."

"Ijazwe tu, mama."

Verlene akaweka alama kwenye mnyama, akaandika: *Mnyama mrefu wa miguu miwili, kofia nyekundu, anachechemea mguu wa kushoto. Aliingia kwa dirisha la choo, akatoka na tandiko la Odell Stockdale lenye herufi O.S. chini ya ubavu wa kulia.* Kwenye hatua akaandika: *Dirisha limetiwa nondo. Mnyama bado hajakamatwa.*

Delmer alikagua alama, akakagua saini, akahakikisha mistari imejaa. Akagonga muhuri mara tatu na kuweka jina lake.

"Wanyama wanasumbua sana," alisema.

"Sana," Verlene alijibu. "Wengine wanaajiriwa kabisa."

Wiki tatu baadaye tandiko lilionekana mnadani, mji wa pili. Sajini Ysidro Cantú alimwita Verlene kituoni. Kwenye benchi alikaa mwanamume mrefu, kofia nyekundu gotini.

"Anadai ni lake, mama," sajini alisema. "Na faili lako la wizi limefungwa. Limeandikwa uliungama kwamba hapakuwa na mwizi. Sina la kufanya."

"Soma nilichoungama."

Verlene akamtolea nakala ya ile fomu, sajini akaisoma. Akamwambia yule mwanamume asimame atembee hadi mlangoni na kurudi. Akalipindua tandiko, akatazama chini ya ubavu wa kulia, kisha akampigia simu Delmer aje.

"Muhuri huu wako?"

"Wangu."

"Na saini?"

"Yangu."

"Basi manispaa ilikuwa na maelezo ya mwizi wiki tatu nzima, wewe ukayagongea muhuri bila kuyasoma."

Delmer aliisoma karatasi yake kwa mara ya kwanza, midomo ikicheza, uso ukimwiva taratibu.

"Lakini mwizi hayumo kwenye orodha," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Mwongeze," Verlene alimwambia, akajitwika tandiko la kaka yake begani, akatoka.