Kikaratasi Kilichoachwa Nyumba ya Eda

Haya kanisimulia Nasriya mwenyewe, mjukuu wa dada yangu, siku ya pili ya Idi mwaka 2008, tumekaa jikoni kwangu hapa Mutrah, Oman, tunamenya vitunguu thomu. Nnayaandika kama alivyonambia.

Mwaka 2003 mumewe, Thabit, alifariki. Alikuwa karani Bandari ya Sultan Qaboos, katoka asubuhi mzima, adhuhuri wakamrejesha maiti. Nasriya akakaa eda nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Shaikha: miezi minne na siku kumi, hatoki, wala hakai na mwanamme wa kando. Kitu kimoja tu hakukiwacha. Alikuwa anasomea kazi ya duka la dawa, katika chuo kinachofundisha kwa kompyuta. Limebaki somo moja, na kazi yake ya mwisho ifike Jumatano kabla ya saa nane mchana. Isipofika, nafasi yake anapewa mwengine, naye hana pengine pa kuanzia. Kompyuta ilikuwa ya Thabit, imewekwa ukumbini, inatumia waya wa simu ya nyumba.

Jumatatu Bi Shaikha alikuwa anapita na sahani ya tende, akaona kwenye kioo cha kompyuta pameandikwa kwa Kiarabu: Karibu tena, Nasriya.

"Nani huyo?"

"Chuo, mama."

"Na kakujuaje, nawe hata hujajitaja?"

"Nilijitaja jana."

"Na leo kakumbuka." Bi Shaikha akaweka sahani chini. "Mwanangu, anayekukumbuka kwa jina kila siku, nawe umo edani, huyo ni mwanamme."

Akenda kabatini, akatoa kanga, akaifunika kompyuta gubigubi kama anavyofunikwa bibi harusi. Siku mbili nzima Nasriya kasoma kichwa chake kimo ndani ya kanga, jasho linamtiririka, na mama mkwe kakaa nyuma yake na tasbihi.

Jumatano asubuhi Jaifar, kaka yake Thabit, alipiga simu mara sita kutoka kwake, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Mara sita simu inatumika. Akatia gari moto akaja. Mama yake akampokea mlangoni na habari ya yule anayekumbuka majina. Nasriya akajitanda, Jaifar akaingia, uso kaugeuzia ukutani.

"Shemegi, simu imeshikwa tangu asubuhi. Unasema na nani?"

"Na chuo."

"Chuo kinachokuita jina! Mashine hii nnakwenda nayo ofisini kwangu mpaka eda iishe."

"Eda inakwisha mwezi wa Rajabu. Kazi yangu inakwisha leo saa nane."

Jaifar akainama akachomoa waya. Nasriya akauchomeka. Akachomoa tena. Akauchomeka tena.

"Unanipinga, Nasriya?"

"Nnakupinga. Na tukitaka kuhesabu wanaume walioniita jina tangu niingie eda, mpaka sasa ni wewe peke yako."

Bi Shaikha akaziba mdomo kwa ushungi. Nasriya anasema hajui mpaka leo kama alikuwa anashangaa au anacheka.

"Kaa, shemegi," akasema Nasriya. "Nikuoneshe, kisha ubebe ukitaka. Mama, njoo na miwani yako."

Akaivua kanga. Akawaambia: ndani humu hakuna mtu. Chuo kina wanafunzi maelfu, hakiwezi kumkumbuka mmoja mmoja. Kwa hivyo ukishajitaja, kinaandika kikaratasi chenye namba yako, na kikaratasi chenyewe hakikai nacho, kinakiacha humu humu ndani ya mashine yako. Kesho ukirudi, kinakiomba, kinasoma namba, ndipo kinapokusalimu. Wenye kazi hiyo wanaviita kuki, yaani biskuti, na kwa nini wakaviita hivyo usimuulize yeye.

"Ala! Kumbe kumbukumbu yake iko kwetu?" akauliza Bi Shaikha.

"Iko kwetu. Na mwenye kuifuta ni sisi."

Akafungua mahala vinapowekwa vile vikaratasi. Ilikuwa orodha ndefu kuliko ya walioalikwa harusi ya sultani. Jaifar akausahau ukuta, akageuka.

"Umetembea kote huko?"

"Nimefungua chuo, gazeti na mahala pa habari za dawa. Hawa wengine sikuwaita. Ukifungua gazeti, tangazo lililo pembeni nalo linaacha kikaratasi chake. Likikukuta ukurasa mwengine linakisoma: a-ha, ndiye yule aliyetazama magari."

"Wallahi ndo maana!" Jaifar akapiga paja. "Mwezi mzima mie nnafuatwa na matairi!"

"Basi hao ndio wanaochungulia watu majumbani. Na hao hakuna aliyewafunikia kanga."

Akawafuta wale wa matangazo mmoja mmoja, Bi Shaikha akimhimiza, "Na huyo! Na huyo, mfidhuli!" Kisha akaingia kwenye mipangilio, akaamrisha kuwa wa pembeni wote wasiache kitu tena. Mwisho akafuta cha gazeti, cha habari za dawa, na cha chuo chenyewe, akakifungua chuo upya. Salamu haikuwapo. Pametokea visanduku viwili vitupu, kimoja cha jina, kimoja cha neno la siri.

"Alhamdulillahi," akasema Jaifar. "Kakusahau. Basi mwache hivyo hivyo."

"Simwachi."

Akaandika jina lake, akaandika neno la siri, akabonyeza. Karibu tena, Nasriya.

"Nimemrejesha mie, kwa mkono wangu. Nikitaka anijue atanijua, na nikitaka anisahau atanisahau. Tangu Thabit afe hamjanipa jengine la kuchagua, hata kitambaa cha nguo. Hili siliachi."

Jaifar akasimama, mkono umekwenda kwenye waya. "Mama, sema naye. Mimi nnaichukua."

Lakini Bi Shaikha alikuwa kainama mbele ya kioo, kidole kinafuata ile orodha iliyo wazi pembeni, ambayo sasa imebaki na mstari mmoja. Husoma polepole, herufi baada ya herufi. Mashine ile ilifunguliwa kwa jina la Thabit siku iliyonunuliwa, na kila kikaratasi kilichoingia kiliandikwa jina la mwenye mashine mbele, kisha jina la kilikotoka.

"Tha-bit," akasoma. "Thabit, kisha chuo." Akavua miwani. "Jaifar, toa mkono wako hapo."

"Mama..."

"Huyu hakuja kwa Nasriya. Kapiga hodi kwa jina la mwanangu, ndo akafunguliwa. Mgeni wa Thabit mimi simtoi. Toa mkono, nimekwambia!"

Akautoa. Lakini naye ana kichwa kigumu. Akaapa hatoki humo, atakaa palepale mkekani mpaka amwone kwa macho yake huyo mwanamme akitokeza kwenye kioo. Ilikuwa saa saba kasoro robo. Nasriya akampa mgongo, akaanza kuandika: dawa gani haichanganywi na dawa gani, kwa mgonjwa wa figo, kwa mja mzito, kwa mtoto. Jaifar akakodoa macho kwenye kurasa zile. Ya figo aliimaliza. Ya mja mzito hakufika nusu, kichwa kikaanguka kwenye mto wa mkekani. Bi Shaikha alikuwa keshalala zamani, tasbihi imemtoka mkononi.

Saa nane kasoro dakika tano Nasriya akaipeleka kazi yake. Waya wa simu ukasaga, ukasaga, kisha chuo kikajibu: Imepokelewa.

Alipoizima mashine Jaifar akashtuka, kafumbua jicho moja.

"Kaja?"

"Nani?"

"Huyo mwanamme."

"Hajaja, shemegi. Lala."

Akalala. Nasriya akenda chumbani kwake, akafunga mlango kwa ndani, akajinyosha katikati ya kitanda, mikono kaitupa huku na huku, usingizi ukamchukua.