Gugu la Kupigiwa Picha

Upepo uligeuka Jumapili ukalisukuma gugu maji lote kutoka ufuo wetu mpaka huko Asembo. Jumatatu ziwa lilikuwa safi, unaona hadi mchanga. Mtu mwenye akili timamu angefurahi. Sisi tuliingiwa na hofu, kwa sababu kazi yetu ni kutoa gugu, na Madam Debra wa mradi wa ajira za kijani alikuwa anakuja kukagua.

Akaja na tableti na viatu vya mjini. Nangila, mwenyekiti wetu, akamwonyesha maji.

"Gugu limeondoka, Madam."

"Nani ameliondoa?"

"Upepo."

"Upepo umesajiliwa kwenye mradi?"

Hakuwa anatania. Ripoti ya serikali, akasema, inataka picha ya wafanyakazi wakitoa gugu, leo, hapa hapa, maana tableti inajua ulipo. Kikundi kisicho na picha kinafutwa.

"Si uandike tu kwamba ufuo ni safi?" nikamuuliza.

"Mzee, hakuna mahali pa kuandika safi."

Tukifutwa, Nangila angerudi Kondele kubeba mawe ya ujenzi, na tumbo lake lile la mimba. Hakuna aliyebisha tena. Mwenzetu Waswa akaazima pikapu ya samaki, tukaenda Asembo kutafuta gugu. Watu wa huko walitusaidia kupakia, wakauliza tutarudi lini kuchukua lingine. Debra alitusubiri hotelini akila samaki aina ya ngege.

Tukamwaga gugu majini, tukavaa vizibao vya kung'aa, tukalitoa. Debra akapiga picha.

"Wanawake hawaonekani. Rudisheni."

Tukarudisha. Sasa vijana wakawa hawatoshi. Mimi nikaambiwa nijifiche nyuma ya pikapu, kwa kuwa mvi zangu zinaharibu asilimia. Tukarudisha tena. Safari hii gugu likatuponyoka, likaelea kuelekea kule mashua zinakotia nanga.

Mvuvi Okello alikuwa anarudi kutoka kuvua. Injini ya mashua yake ikalimeza gugu, ikazimika. Akaruka majini, maji yakamfika kifuani, akaanza kulinyofoa kwa mikono.

"Omera, ndugu zangu, mnatoa ama mnapanda?"

"Tunaripoti," Waswa akamjibu.

Okello akatutukania mama zetu kwa Dholuo, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao. Debra hakuelewa hata neno moja. Alikuwa anapiga picha.

"Huyu ndiye ana bidii," akasema. "Ni wa kikundi gani?"

"Wetu, Madam," Nangila akajibu bila kupepesa jicho. "Alijiunga juzi."

Hatukufutwa. Ripoti ilipotoka, picha ya jalada ilikuwa ya Okello, ameinua fungu la gugu juu ya kichwa, mdomo wazi. Chini yake wameandika kwamba ni mnufaika akishangilia.