Madanzi ya Darini

Jumamosi asubuhi Balthazar alisimamisha ngazi katikati ya jiko la nyumba yake ya kupanga, mtaa wa Granville, ughaibuni, akajifunga aproni ya marehemu mkewe, akaanza kuchuma madanzi darini. Ni yale machungwa machungu yasiyolika mabichi. Mti ulikuwa umeota kwenye doa la unyevu, mizizi ndani ya dari, matawi yakielekea chini. Matunda ya kileleni aliyafikia akiwa amesimama sakafuni. Ngazi ilikuwa ya yale ya matawi ya chini.

Majirani walishauzoea. Faida wa mlango wa pili alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba nyuki walipita dirishani kwake.

Doa lilianza wakati mkewe, Léocadie, yu hai. Aliripoti. Wakaja watu wa kampuni inayosimamia nyumba zile, wakapiga picha, wakaenda. Wakaja wengine, wakapiga picha. Wakubwa ni wakubwa popote duniani: ukiwaonyesha maji watakupiga picha. Ukungu mweusi ukapanda ukutani hadi chumba cha kulala, ukaingia kifuani mwa Léocadie. Alikohoa majira mawili ya baridi. Ya tatu hakuyamaliza. Matanga yalipoisha mti ukachipuka, na matunda yake, kila yalipoiva, yakawa yanakohoa. Kilikuwa kikohozi chake yeye, kikavu, kinachoishia na mguno mdogo kama wa mtu anayeomba radhi.

Kuyapika alijifunza kwa kumtazama mkewe, naye alifundishwa na Stamatia, bibi Mgiriki ambaye Léocadie alikuwa akimwogesha na kumlisha katika kazi yake ya kutunza wazee. Unaparuza ganda, unalikata vipande, unaviringisha kila kipande na kukitunga kwa sindano na uzi kisifunguke. Balthazar ni Mkatoliki; uzi wa namna hiyo ukiwa mkononi hakuweza kujizuia, kila kipande alikisomea Salamu Maria. Kisha unachemsha, unamwaga maji, mara tatu, ndipo unatia sukari, na limau mwishoni ili shira isigande. Maji ya kwanza yalishuka kwenye sinki yakikohoa hadi vijiko vikatikisika. Ya pili yalikohoa kidogo. Ya tatu huwa kimya.

Safari hii hakufika ya tatu.

"Papa Balthazar, bado moja," Faida alimwambia. Alikuwa amekuja kuazima limau. "Unataka kuua watu?"

"Jumanne nina mgeni wa kampuni."

"Ndiyo umwage vizuri!"

"Nimemwaga vya kutosha katika nchi hii," Balthazar akasema, akatia sukari.

Mgeni alikuwa Mugambi, kijana wa Kenya mwenye kitambulisho shingoni na tableti kwapani.

"Mzee wangu, habari? Mimi nimetumwa tu. Unaweka sahihi hapa kwamba dari iko sawa, tunamaliza hii maneno."

"Dari linavuja."

Mugambi akatazama juu, akayasogeza majani. "Sioni hata tone."

"Mti unayanywa."

"Basi haivuji, mzee. Hiyo ni kunyunyizia mti."

Danzi moja likakohoa. Mugambi akageuka.

"Kuna mtu mwingine? Kontrakti iko na jina moja."

"Ni mke wangu."

Akapekua tableti. "Huyu tumeandika marehemu."

"Hata mimi nilimzika."

"Sawa. Asikohoe sana tu, majirani wasilalamike."

Balthazar akavuta kiti. "Andika kwamba dari hili ndilo lililomuua. Nitaweka sahihi hata mara mbili."

"Hakuna mahali pa kuandika hiyo."

"Ndiyo maana wanakutuma wewe, mwanangu. Wanaojua mahali pa kuandika hawatoki ofisini."

Kwa Wagiriki mgeni huletewa sinia kabla ya mambo yote: kisahani chenye kipande kimoja katika shira, kijiko, na glasi ya maji. Balthazar akaleta. Mugambi akasema kazini hawaruhusiwi zawadi.

"Si zawadi. Ni kijiko kimoja."

Akala. "Aisee, ni tamu," akasema, kisha akakohoa. Kikohozi kilikuwa cha Léocadie, pamoja na ule mguno. Akashika glasi haraka, akaifikisha mdomoni, akasita. Maji yalikuwa na rangi ya kutu, na kigamba cha rangi kilichobanduka darini kikielea juu. Balthazar alikuwa ameyakinga kwenye shina.

"Kunywa. Ni maji yenu."

"Mzee, haya siwezi."

"Yeye aliyavuta kwa pua kila usiku."

Mugambi akairudisha glasi kwenye sinia. Balthazar akamtia mkononi chupa nzima ya madanzi yale, awapelekee wakubwa, naye akaipokea kwa sababu mtu anayekohoa hawezi kubishana.

Ofisini waliila na chai, wakaisifu. Kufikia jioni ghorofa nzima ilikuwa inakohoa na kuomba radhi. Hakuna aliyepiga picha. Kesho yake mafundi waliitwa, wakabomoa dari la ofisi ile, ambalo lilikuwa kavu, wakaweka jipya na mashine za kusafisha hewa. Kikohozi hakikuondoka.

Granville hakuja fundi.

Mugambi alipiga simu wiki iliyofuata. "Mzee, faili yako wamefunga. Hata bila sahihi."

"Na wewe kifua?"

"Usiku ndiyo mbaya."

"Pole sana," Balthazar akasema, na kweli alimaanisha.

"Sasa... wakubwa wanauliza kama kuna chupa ingine. Wanakohoa, lakini bado wanaitamani."

"Ipo. Lakini siitumi. Waje wenyewe, wakae chini ya mti huu, wale."

"Mzee, hao hawakujangi huko."

"Basi wakohoe."

Akakata simu. Mvua ikaanza kunyesha, dari likavuja kama kawaida, na mti ukanywa.