Roboti Lenye Shikamoo

Kilichomponza Bibi Yustina ni shikamoo. Wajukuu zake walioko Dar wakipiga simu huanza na "bibi, mambo?", utadhani wanaongea na kondakta. Lakini roboti la kwenye simu, lile unaloliuliza kwa sauti nalo likakujibu kwa sauti, halikusahau hata siku moja. "Shikamoo, bibi." Yustina alikuwa akiitikia marahaba peke yake jikoni, roho kwatu. Kitu chenye adabu namna ile kitadanganyaje?

Ndiyo maana liliposema maji ya kitunguu saumu yanatosha kushusha presha, alifungia vidonge vyake kabatini. Hakuishia hapo. Alivuka barabara akamshawishi na mdogo wake, Kabula, naye akaacha vyake. Hii ilikuwa wiki ya tatu, na Kabula alikuwa anaamka na kizunguzungu. Yustina alimwambia hiyo ni dawa inaingia mwilini.

Jumamosi wazee walikutana kwenye ukumbi wa kigango, njia ya Kipalapala, ambako Adelina, muuguzi mstaafu, huwafundisha mambo ya simu: picha za kughushi, sauti za kuigiza, na hayo maroboti.

"Leo kila mmoja aliulize jambo analolijua yeye kuliko sisi wote," Adelina alisema. "Tulipime."

Mzee Wenceslaus aliuliza kuhusu mizinga ya nyuki. Likajibu barabara, mzee akavimba kichwa kana kwamba ndiye aliyelizaa.

Ikafika zamu ya Yustina. Huyu amechuma uyoga porini tangu hajaota meno ya pili. Mvua ilikuwa imenyesha. Akatoka, akaona uyoga mmoja nyuma ya ukumbi, akaupiga picha bila kuugusa, akaliuliza roboti ni uyoga gani.

"Shikamoo, bibi," roboti likasema. "Huu ni uyoga salama na mtamu sana. Upike na karanga."

Wazee waliangua kicheko. Yustina hakucheka. Uyoga wa aina hiyo uliwaua jirani yao Ngollo na mkewe ndani ya siku mbili, yeye akiwa msichana, na aliwaona wakibebwa. Roboti lilikuwa limeusifia kwa sauti ileile nzuri iliyosifia kitunguu saumu.

"Adelina, hili halijui kusema sijui?"

"Mara nyingi halijui, mama. Limefundishwa kuongea, na adabu imo humohumo. Mambo ya mwili wako kaulize hospitali."

Yustina hakungoja sala ya kufunga. Aibu na hofu vilimsukuma njia nzima.

Alimkuta Kabula amekaa kizingitini, ameegemea mlango.

"Inuka twende hospitali. Na vidonge vyako tunavichukua."

"Simu ndiyo imesema?"

"Nimesema mimi. Na ni mimi niliyekupoteza, mdogo wangu. Nisamehe."

Kabula alimtazama dada yake akitokwa machozi, akampa mkono.

"Nivute basi," alisema. "Huu mguu wa kushoto tangu asubuhi haunisikii."

Yustina alimkumbatia kiunoni, akapiga yowe la kuita bajaji.